Magunia ya Bwana Harusi

"Umeyafua yote, Mama?"

"Yote, mkwe wangu. Mpaka pindo."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Tena yale ya Ijumaa niliyarudia mara mbili, maana yalikuwa yananuka kama kinywa cha mamba aliyeamka na njaa."

Mkwe akaiegemea mashine ya kufulia. Huyu ndiye mtunzaji wa chui milia katika bustani ile ya wanyama. Alikuwa mrefu, mpole, na heshima zake kwa mama wa mkewe zilikuwa zimepita kipimo: hata akitaka kumwambia kamba ya kiatu imefunguka, alianza kwanza kwa kuuliza hali ya nyumbani, ya majirani na ya kuku. Asubuhi hiyo hakuuliza hali ya mtu. Aliugeuza uso wake ukutani, akaisemesha mashine.

"Wewe mashine, hebu nisaidie. Niliposema magunia yale yana salamu za bwana harusi, nilisema yafuliwe?"

"Mjibu, mashine," akasema Mama Povu, huku akikunja shuka la chumba cha daktari. "Mwambie alisema niyashughulikie kwa heshima. Na mimi nikiambiwa heshima najua kitu kimoja tu, maji ya moto."

"Salamu zilikuwa ndani ya gunia!"

"Ndani kulikuwa na uvundo."

"Uvundo ndiyo salamu zenyewe!"

Mama Povu akaliweka shuka chini. "Salamu gani hizo zisizo na jina? Zitaje."

Mkwe akavuta pumzi. Akaangalia dari. Akaangalia beseni. "Ni... yale maji, Mama."

"Maji gani?"

"Ya mwilini."

"Jasho?"

"Shuka kidogo."

"Kwapani?"

"Shuka zaidi, Mama, jamani."

Hapo mlangoni palikuwa pamesimama Wifi Shoka, mkata nyama wa bustani, ndoo mkononi na aproni imejaa damu. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Povu, na kazi yake ya pili, isiyolipwa, ilikuwa kumkera wifi yake. Alivumilia kadiri alivyoweza.

"Mkojo!" akapiga kelele. "Anataka kusema mkojo, mtoto wa watu! Mnataka apasuke?"

Mkwe akajifunika uso kwa kofia. Neno lilikuwa limeshatoka, tena mbele ya mama wa mkewe, na hakuna mashine ya kulifua.

Maana balaa lote, ukilifuatilia mpaka mzizi wake, lilitokana na neno hilo moja ambalo mkwe alishindwa kulitamka. Chui milia hawatambulishani kwa macho. Ukiwafungulia dume na jike wasiojuana siku ya kwanza, utaokota manyoya. Kwanza wanajuana kwa pua. Dume linalalia gunia siku tatu, linajisugua, linalinyunyizia maji yake yale, kisha gunia linapelekwa kwa jike. La jike nalo linapelekwa kwa dume. Wiki nne za namna hiyo, ndipo unawaonyesha sura zao kupitia mlango wa wavu. Magunia yalikuwa yakitundikwa kwenye msumari kati ya mabanda mawili, yakingoja kubadilishwa. Na msumari ule, kwa bahati, ulikuwa kwenye njia ya Mama Povu kila alfajiri anapokusanya nguo chafu.

Yeye akiona gunia linanuka anaondoka nalo. Linarudi limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa pembe nne, lina harufu ya waridi.

"Mimi nilidhani ni wewe unayeyapiga pasi, Shangazi," mkwe akamwambia Wifi Shoka kwa sauti ya kilio.

"Mimi? Hata sare yangu mwenyewe siipigi pasi."

Sasa huyu Mama Povu alikuwa mtu wa namna gani? Watu wa bustani ile wanasimulia mengi, na anayetaka kubisha aende akabishane nao huko huko. Wanasema alipokuwa kijana akipiga nguo kwenye jiwe, tembo wa upande wa pili walikuwa wakitingisha masikio kwa kufuata mapigo. Wanasema siku moja pundamilia alilamba maji ya beseni lake, akapoteza mstari mmoja. Ukitaka kuonyeshwa huyo pundamilia, utaonyeshwa: yule wa mwisho kushoto. Hesabu mistari yake ukiweza. Mama Povu mwenyewe alikuwa akiongeza kwamba mstari ule aliukuta siku ya tatu kwenye soksi ya mhasibu.

Shule hakwenda. Alizaliwa katika nyumba ya wafuaji, binti wa mfuaji, mjukuu wa mfuaji, na mpaka anaota meno alikuwa ameshajua kutofautisha doa la chai na doa la kutu. Aliolewa, akazaa watano, akafiwa na mume, akasomesha wote watano kwa povu. Akiletewa karatasi ya kusaini alichora duara, na ndani yake duara dogo, na kando yake jingine. "Hilo ni povu," alikuwa akisema. "Nani mwingine ana saini inayoelea?"

Elimu yake aliipata mifukoni. Mfuaji akipewa suruali, kitu cha kwanza ni kuingiza mkono mfukoni, na Mama Povu alikuwa ameingiza mkono katika mifuko ya watu miaka thelathini na moja. Katika mfuko wa daktari wa wanyama alijifunza kwamba twiga naye hupewa dawa ya tumbo. Katika mfuko wa meneja alikuta barua tatu za mapenzi, zote za mke wake mwenyewe, na tangu siku hiyo akaanza kumheshimu. Lakini somo lililomkaa rohoni aliletewa na suruali ya mtu asiyemjua.

Walikuja walinzi wa msituni, kutoka huko chui milia wanakoishi kwa uhuru wao, wageni wa bustani. Bustani ilikuwa ikiwachangia viatu, mahema na redio za upepo, wakaja kushukuru na kueleza kazi yao. Suruali zao zilikuwa na matope ya nchi nyingine. Mama Povu alipotia mkono katika mfuko mmoja, akatoa waya. Waya mwembamba, umepindwa kitanzi, una doa jeusi lisilotoka hata kwa dawa ya madoa. Akampelekea mwenyewe.

"Mwanangu, hii kamba yako ya kuanikia nguo?"

Mlinzi akacheka bila furaha. "Huo ni mtego, Mama. Mwezi ule peke yake tuliokota mia moja sitini. Chui milia anapita, mguu unanasa. Wanataka ngozi, wanataka mifupa."

"Na hao chui milia mmebaki nao wangapi huko?"

"Wa dunia nzima, wa porini, ukiwaalika uwanja wa mpira mkubwa wote watapata viti, na viti vingine vitabaki vitupu."

Mama Povu akauomba ule waya. Akaupigilia kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, juu ya mashine, mahali ambapo wengine wangetundika kalenda. Tangu hapo mtu akimuuliza kwa nini anawafulia wanyama mataulo kwa bidii kuliko anavyowafulia watu sare, alikuwa akiuelekeza kidole na kuendelea na kazi.

Mwali, chui jike huyu anayetafutiwa bwana, alizaliwa mwaka uliofuata. Alikuwa jike peke yake, mdogo kama kandambili, na mama yake hakuwa na maziwa. Usiku na mchana daktari na mkwe walimlisha kwa chupa, na katikati ya chupa na chupa alilazwa ndani ya kapu la mataulo ya moto yaliyotoka kwa Mama Povu. Mataulo ya waridi. Wafuaji wengine walikuwa wameshahamia sabuni za unga zenye harufu ya hospitali. Mama Povu alikuwa na sabuni yake ya mche, ya waridi, ambayo aliikatakata kwa uzi. Mwali akakua amezika pua humo. Na kila asubuhi alipomwona Mama Povu anapita na toroli, hata alipofika uzito wa mashine mbili za kufulia, alikuwa anasogea kwenye wavu na kupuliza puani: *ffrrp, ffrrp*. Hiyo ndiyo salamu ya chui milia kwa anayempenda. Hangurumi, hanung'uniki kama paka, anapuliza. Mama Povu naye alikuwa akimjibu, *ffrrp, ffrrp*, sawasawa kabisa, kiasi kwamba mara moja mtalii aliomba kupiga naye picha.

Sauti hiyo iliwahi kumtia matatani, na itabidi isimuliwe hapa, la sivyo mwisho hautaeleweka.

Kuna mwanamke mmoja, bustani zote zinamwita Mwenye Kitabu. Kazi yake ni kutunza kitabu cha ukoo wa chui milia wote wanaoishi kwenye bustani, bustani na bustani, bahari na bahari: nani mtoto wa nani, nani mjukuu wa nani, nani asiolewe na nani kwa kuwa bibi zao ni mtu na dada yake. Alipokuja mara ya kwanza na kumweleza Mama Povu, Mama Povu alimkumbatia.

"Kumbe wewe ni mshenga!"

"Kwa namna fulani, Mama."

"Wa chui!"

"Wa chui, ndiyo. Wakioana ndugu kwa ndugu, wanazaa watoto dhaifu. Hawa wa bustani ni mbegu tuliyoiweka ghalani, Mama. Msitu ukiharibika kabisa, tuwe na mbegu njema. Mbegu iliyochanganyika vibaya haioti."

"Na Mwali wangu?"

Mwenye Kitabu alifungua ukurasa. Kurasa nyingine zilikuwa na matawi kama mti wa mvua nyingi. Ukurasa wa Mwali ulikuwa na mstari mmoja unaoshuka, na chini yake hakuna kitu. Wazazi wake walikuwa wamekufa bila kuzaa tena. Damu ile, katika kitabu kizima, ilikuwa imebaki ndani ya Mwali tu.

Mama Povu hakujua kusoma, ila mstari unaoishia hewani aliuelewa.

Basi siku ile ya kwanza akaletwa mchumba, na Mwenye Kitabu akakaa nje na kalamu kungoja dalili. Mama Povu akapita na toroli nyuma ya ukuta, na kwa utundu wake tu, bila kufikiria, akapuliza: *ffrrp*. Mwenye Kitabu akaruka kwa furaha, akaandika. Siku ya pili mchumba akachanwa sikio. Ukweli ukajulikana, alichoandika kikafutwa kwa wino mwekundu, na Mwenye Kitabu akamwambia Mama Povu kwa upole unaouma kuliko tusi, "Mama, hiki ndicho kitabu pekee ambacho sitaki hadithi ndani yake."

Mchumba wa pili naye akashindikana. Mwali alikuwa mgeni kwa chui wenzake, amezoea binadamu na mataulo. Na sasa alikuwa na miaka tisa, na kwa chui jike miaka tisa si ya kuringa. Ndipo ikaja barua, mkwe akamsomea Mama Povu akiwa amevua kofia: huyu wa tatu apewe mwezi mmoja. Mwenye Kitabu atakuja mwenyewe, na kama hataona dalili kwa macho yake au kuisikia kwa masikio yake, Mwali atahamishwa, avuke bahari, apelekwe kwa watunzaji waliobobea kwa majike wagumu. Hatarudi tena.

Mama Povu alikuwa na watoto watano, na wote walishaondoka nyumbani kwenda kuishi vizuri. Hakuna aliyewahi kumwona akilia kwa ajili hiyo. Lakini siku ya barua ile alifua shuka moja kutoka asubuhi hadi saa saba.

Na Mwenye Kitabu alikuwa anafika leo. Saa tisa.

"Asubuhi nimefungua ubao wa wavu," mkwe akaiambia mashine, "wameonana mara ya kwanza. Mwali amenguruma mpaka vioo vya ofisi vimetikisika. Bwana harusi amekimbilia pembeni kama mdaiwa. Nikasema haiwezekani! Mwezi mzima nimeandika kwenye daftari: Mwali amefurahia salamu. Mwali amejisugua kwenye salamu. Mwali amelala juu ya salamu. Kumbe!"

"Kumbe sabuni," akamalizia Wifi Shoka, akicheka hadi ndoo ikamwagika. "Wifi, umemwoza mwali wako kwa mche wa sabuni!"

"Cheka tu," Mama Povu akasema. "Siku utakayojikata kidole, usiniletee taulo."

"Nitakuletea kidole. Ukipige pasi."

"Kwa ulimi wako huo, chui angekula ndoo akaacha nyama."

Lakini Mama Povu hakuwa kwenye matani. Macho yake yalikuwa kwenye ule waya ukutani, na mdomo ukawa unasogea kama unahesabu nguo. Ghafla akageuka.

"Mkwe wangu. Rudia ulichoandika kwenye daftari."

"Mwali amejisugua, Mama. Mwali amelala juu yake. Siku moja alilikumbatia gunia, akagoma kuliachia."

"Basi amempenda."

"Amempenda nani? Sabuni?"

"Mwali anamjua mchumba wake vizuri sana. Mchumba wake ananuka waridi. Leo umemletea mwanaume mwingine kabisa, ananuka mamba, unamwambia ndiye huyu. Wewe ungekubali? Mimi ningempiga na ufagio." Akaanza kufungua kabati. "Mletee yule anayemjua."

Wifi Shoka akaacha kucheka. "Wifi. Unataka kumwogesha chui milia?"

"Ningekuwa na miaka hamsini ningemwogesha. Ningemsugua na mgongo." Akatoa magunia manne yaliyofuliwa, meupe, yamekunjwa kama mashati ya harusi. "Yeye ataoga mwenyewe."

Saa nne na nusu mkwe aliwahamisha wote wawili kwenye nyua zao za nje kwa milango ya kuteremsha, kama inavyotakiwa, maana hakuna mtu anayeingia na chui milia chumba kimoja labda awe amechoka na miguu yake. Banda la dume likafagiliwa. Magunia manne yakatandazwa. Mama Povu akaongeza la tano alilolitia sabuni mbichi, akalifikicha, akalisuuza nusu. Kisha mlango ukapandishwa, dume likarudi ndani.

Jina lake la huko alikotoka lilikuwa refu na gumu, kwa hiyo wote walimwita Bwana Masharubu. Akanusa gunia la kwanza. Akainua mdomo wa juu, akakunja pua, akatoa meno, akabaki hivyo hivyo ameduwaa, sura kama ya mzee aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

"Hapendi," mkwe akanong'ona.

"Anasoma," akasema Mama Povu. "Si kila anayesoma hutabasamu."

Hakuwa amekosea, kwani Bwana Masharubu naye alikuwa amepelekewa magunia ya bibi harusi mwezi mzima, na hayo pia yalikuwa yamepita kwenye beseni lile lile. Harufu ile aliijua. Alikuwa ameingojea. Akashusha shavu la kulia kwenye gunia, akalivuta kwa urefu. Akashusha la kushoto. Halafu mnyama mzima, mkubwa kama mtumbwi, akajibwaga chali, miguu minne juu, akagaagaa juu ya waridi mpaka tumbo lake jeupe likachukua mapovu. Alipomaliza akasimama, akageuka, akainua mkia, na gunia la tano likapata salamu kamili, zisizohitaji kutajwa.

"Hizo sasa usifue!" Wifi Shoka akapiga kelele.

"Nimefunga mikono," akasema Mama Povu, na kweli alikuwa ameibana kwapani, maana ilikuwa inawasha.

Gunia lile likavutwa kwa ndoano na kupelekwa upande wa Mwali. Waridi na mkojo pamoja, barua na bahasha yake. Mwali alilizunguka mara tatu. Akalirukia, akalikumbatia kama alivyozoea, kisha akasita. Ndani ya harufu ya utotoni palikuwa na mtu. Akanusa tena. Akalilalia. Hakulichana. Ikafika saa saba hajalichana, ikafika saa nane amelala juu yake kidevu kimetua.

Saa tisa kasorobo wakasimama watatu kwenye korido ya nyuma, ile nyembamba yenye sakafu ya saruji na harufu ya nyasi mbichi na damu. Mkwe akashika mnyororo wa ubao unaoziba wavu. Kwenye redio ya upepo bawabu wa lango akasema mgeni ameshaingia, anasalimiana na meneja.

"Sikilizeni," akanong'ona Wifi Shoka. "Mimi mkata nyama, mambo ya mapenzi siyawezi. Lakini hapa kuna mtu anaijua ile sauti. Wifi, ingia nyuma ya lile toroli. Mwali akinuna, wewe unapuliza. *Ffrrp*, basi. Mwenye Kitabu anaandika, Mwali anabaki, sisi tunakunywa chai."

"Shangazi!" mkwe akashtuka.

"Shangazi nini? Unajua kuchukuliwa mtoto kunavyouma? Wifi huyu atakufa, mimi nitabaki na nani wa kumtania?"

Mama Povu hakuwahi maishani mwake kukataa uongo mzuri. Alishawaambia watalii kwamba kasa mkubwa ni jiwe lililotongozwa. Alishamwambia meneja kwamba sare yake ilimezwa na mbuni, wakati ameichoma kwa pasi. Na uongo huu ulikuwa mdogo, pumzi mbili tu za pua, na malipo yake yalikuwa Mwali kila asubuhi mpaka mmoja wao afe.

"Sauti ninayo," akasema mwishoni. "Hapa hapa kooni, inanitekenya. Lakini nikipuliza, Mwenye Kitabu atachora tawi kwenye ule mstari. Ataondoka ameridhika. Na tawi halitakuwepo." Akasugua vidole vyake, vilivyokunjamana kwa maji ya miaka mingi. "Kwa hadithi zangu zote nimewadanganya watu, na watu wana akili ya kucheka. Msitu hauna."

"Kwa hiyo wachukue?"

"Akimkataa, wachukue. Avuke bahari, apate mtu wa kumpenda huko. Nitamfungashia taulo."

Wifi Shoka akamshika wifi yake mkono. Hilo nalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Ila Mama Povu alijijua. Akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa vibanio vya nguo, vile vya mbao, akavipanga mdomoni kimoja baada ya kingine kama anavyofanya akianika. Sita. Midomo ikajaa. Hata pua ilibanwa kidogo na kile cha mwisho.

"Fungua," akasema, au alitaka kusema. Kilichotoka ni "Fuwa."

Mkwe akavuta mnyororo. Ubao ukapanda ukilia. Wavu ukabaki kati, na upande huu Mwali, na upande ule Bwana Masharubu, tumbo lake likinuka kama kabati la bibi.

Mwali akasimama. Masikio yakalala nyuma.

"Ameanza," Wifi Shoka akanong'ona. "Ananuna. Wifi, toa vibanio!"

"Muache, Shangazi."

"Huoni masikio?"

"Naona pua. Angalia pua!"

"Pua haimzuii mtu kupakiwa kwenye meli! Wifi, pumzi moja tu, nusu pumzi..."

Mama Povu akatikisa kichwa, vibanio vikagongana. Mwali akapiga hatua. Akapiga nyingine.

*Ffrrp.*

Mkwe akageuka kama aliyechomwa. "Mama! Ni wewe?"

"Hm-hm!"

"Ni yeye," Wifi Shoka akasema, machozi yanamtoka kwa kicheko au kwa kitu kingine. "Nimemsikia, imetokea upande wake. Namjua huyu tangu anaolewa, ana njia zake, anaweza hata kwa masikio..."

"Hm-hm!"

"Mama, nakuomba kwa heshima zote, kama ni wewe sema sasa hivi kabla mgeni hajaja, maana safari hii tukimdanganya..."

Mlango wa korido ukafunguliwa. Mwenye Kitabu akaingia, kofia kwapani, kitabu kifuani. Kwanza hakuangalia chui. Alimwangalia moja kwa moja Mama Povu, jicho la mtu aliyewahi kuandika kwa wino na kufuta kwa wino, na akavihesabu vibanio vile, kimoja kimoja, mpaka sita.

Ndipo Mwali akabandika shavu lake kwenye wavu, palepale ambapo upande wa pili palikuwa na shavu la Bwana Masharubu, akapuliza mara mbili.